Eti Sisi Ndio Tuliomrudisha Trump

Mwenzangu mmoja kazini, mwanamke mpole ambaye hunikatia kipande cha keki yake kila tunapokwenda mapumziko, aliitazama hijabu yangu siku chache baada ya uchaguzi wa Novemba 2024 akaniambia kwa uchungu kwamba watu kama mimi ndio tuliomrudisha Trump Ikulu. Hakuniuliza nilimpigia nani kura. Kwake yeye, Mwislamu wa Michigan lazima awe alimpa Jill Stein wa chama cha Green, na kumpa Stein ni kumpa Trump. Sikumjibu siku ile, kwa hiyo acheni nimjibu hapa, ambapo hatanisoma.

Tuanze na hesabu. Hapa Michigan Trump alimshinda Kamala Harris kwa kura 80,000 hivi, na Stein katika jimbo zima hakufikisha 45,000. Hata kama zote zingehamia kwa Harris, bado angeanguka. Dearborn, mji wa Waarabu unaotajwa sana katika lawama hizi, Stein alipata kama asilimia 18, lakini Trump alipata 42 na Harris 36. Tena Democratic, chama cha Harris, walikuwa wameshaambiwa: katika kura yao ya mchujo ya Februari mwaka ule, zaidi ya wapiga kura 100,000 jimboni humu walikataa kumchagua Biden wakaweka alama kwenye nafasi ya wasioegemea mgombea yeyote, kwa sababu ya Gaza. Anayepuuza onyo la namna hiyo kwa miezi minane hana haki ya kumtafuta mchawi.

Hata hivyo sitamdhulumu mwenzangu, kwa maana iko miaka ambayo hesabu humpa haki. Mwaka 2000 Bush aliichukua Florida kwa kura 537 tu, ilhali Ralph Nader, mgombea wa Green wakati ule, alikuwa na zaidi ya 97,000 humo, na Florida ndiyo iliyoamua rais. Mwaka 2016 Trump aliishinda Michigan kwa kura 10,704, na Stein huyu huyu alikuwa na zaidi ya 51,000. Lakini hesabu hiyo inachukulia kwamba kila aliyemchagua mgombea mdogo alikuwa mali ya Democratic aliyepotea njia, wakati wengi wao, kama karatasi isingekuwa na jina hilo, wangelala nyumbani. Na nyinyi wa Democratic mlinipigia simu na kunijazia ujumbe wa kuomba michango wiki nzima. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza nataka nini.

Hapo niwaonye wadogo zangu wa Kenya mnaojiandaa kuja Marekani. Ukienda kuchukua leseni ya udereva, karani anaweza kukuuliza kama unataka kujiandikisha kupiga kura. Kama hujawa raia, kataa, hata ukiwa na kadi ya ukaazi wa kudumu, kwani fomu ya uraia itakuuliza kama uliwahi kujiandikisha au kupiga kura, na wako waliofukuzwa nchini kwa jambo hilo. Ada ya fomu hiyo ni dola 710 kwa anayeijaza mtandaoni. Mwenye kupanga nyumba Kisauni, kule Mombasa, apige hesabu mwenyewe ni kodi ya miezi mingapi. Aliyeilipia kura yake kiasi hicho hapendi kuambiwa kwamba ameiazima.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba Wamarekani huwalaumu wapiga kura na kuuacha utaratibu wa uchaguzi. Sisi Wakenya tulipitia haya mwaka 1992, Moi alipobaki madarakani kwa asilimia 36 huku wapinzani wake Matiba, Kibaki na Jaramogi wakigawana zilizobaki. Wazee wale tuliwasema sana, lakini hatimaye Katiba ya 2010 ikadai nusu ya kura na moja zaidi, pamoja na robo ya kura katika zaidi ya nusu ya kaunti, la sivyo watu warudi vituoni. Duru ya pili nayo si dawa ya kila kitu: Ufaransa wanayo, na mwaka 2002 mrengo wa kushoto ulitawanyika kwa wagombea wengi hadi mgombea wao mkuu, Jospin, akaachwa nje ya duru hiyo na Le Pen wa mrengo mkali wa kulia kwa kura zisizofika 200,000.

Wala msinielewe kwamba namsifu Stein. Chama chake hakijawahi kushinda hata kiti kimoja cha uchaguzi wa Bunge la taifa, na huku kwetu hukisikia kila baada ya miaka minne, kisha kimya. Chama kinachotaka kumtikisa mkubwa kingeanza na bodi za shule, ambazo zimo kwenye karatasi hiyo hiyo ndefu ya kura, upande wa nyuma.

Maine na Alaska wao huruhusu mpiga kura kuwapanga wagombea wa urais kwa kuwapendelea, ili wa kwanza wake akitolewa, kura ihamie kwa wa pili. Alaska nusura waufute utaratibu huo mwaka 2024. Ulinusurika kwa tofauti isiyofika kura 1,000. Hapa Michigan bado tunajaza kiduara kimoja.