Nilivyotengeneza milango ya ndani ya chombo, Tanga

Mimi ni seremala wa nyumba. Karakana yangu iko Ngamiani, na riziki yangu inatokana na watu wanaojenga Kange na Mwambani: fremu, mlango wa paneli, kitasa, kazi imekwisha. Masika ya mwaka jana yalipopungua alinijia jamaa mwenye chombo cha mbao, cha kupeleka wageni Pangani na kisiwa cha Maziwe. Chombo kilikuwa nchi kavu juu ya magadi, yaani magogo ya kukiegemeza, kinatiwa kalafati ya kuziba nyufa, na mwenyewe alitaka milango mitatu ya ndani: miwili ya vyumba vya kulala na mmoja wa choo. Ile ya zamani ilikuwa ya plaiwudi nyepesi ya dari, na ilikuwa imeachana tabaka kwa tabaka kama chapati.

Yeye kichwani alikuwa na milango ya majumba ya kale ya pwani: mkongo mzito, nakshi, mfaa (ule ubao wa wima) katikati na vichwa vya shaba. Nikamtolea hesabu palepale mchangani. Mlango wa futi tano na robo kwenda juu, upana chini ya futi mbili, ukiwa wa mkongo mtupu wa sentimita nne, unakaribia kilo 30. Kwenye nyumba uzito huo ni fahari. Kwenye chombo kinachokwenda mrama, ni kilo 30 zinazoning'inia kwenye bawaba mbili na kugonga ukuta usiku kucha.

"Sasa fundi, wewe unanipa nini?"

"Nakupa mlango wa milimita 22, wa msaji, na paneli nyembamba. Hautafika kilo kumi. Nakshi nitakutilia kwenye matundu ya hewa."

Akakubali, kwa shingo upande.

Vipimo ndivyo vilivyonitofautishia kazi hii na nyingine zote. Niliingia ndani na pima maji yangu kwa mazoea, nikaitoa baada ya dakika chache. Chombo kilicho kwenye magadi kimelala kidogo upande mmoja na kimeinua omo, yaani sehemu ya mbele, kwa hiyo pima maji inakwambia habari za magadi, haikwambii habari za chombo. Timazi nayo vilevile. Halafu hakuna pembe mraba humo ndani. Uwazi wa chumba cha mbele ulikuwa milimita 1,612 upande wa kushoto na 1,598 upande wa kulia, na juu hapakuwa pamenyooka kwa sababu sitaha imebinuka ili maji yateremke pembeni. Nilipopima kona kwa kona, mistari miwili ilipishana milimita 19.

Dawa ni kuacha kupima na kuanza kunakili. Nilichana plaiwudi ya milimita nne vipande vyembamba vya upana wa vidole viwili. Nikaunda fremu ndogo inayoingia kwenye uwazi kwa ulegevu, kisha nikawa nagundisha vipande vifupi juu yake, kila kimoja ncha yake ikigusa mwimo wa pembeni, kizingiti au mbao ya juu. Pale palipopinda niliweka vipande vingi, palipo sawa vichache. Vikishakauka unatoa kitu kizima, ndicho kigezo chako, na ncha zile ndizo umbo la uwazi wako. Andika juu yake kwa kalamu nzito: juu, omo, upande wa chumba, upande wa bawaba. Kigezo kikigeuzwa bila kujua, utakuwa na mlango mzuri sana wa chombo kingine.

Fundi mkuu wa vyombo pale ufukweni, mzee aliyeanza kushika tezo kabla sijazaliwa, alikuwa ananitazama. Nilikuwa nimeshamwamkia.

"Mwanangu, hiyo milango unaikata kabisa kwa kigezo hicho?"

"Ndiyo, Mzee."

"Basi acha nyama. Chombo kikishuliwa, mbao zinakunywa maji zinajaa, na magadi hayapo tena kukibana. Huo uwazi wako utahama."

Nikamuelewa. Niliacha milimita tatu za ziada kila upande, za kurandwa chombo kikishaelea. Katika yote niliyoyasikia kwenye kazi ile, hilo ndilo nisingelipata kwa seremala yeyote wa nyumba.

Mbao nilichukua msaji, ambao wengi karakanani tunauita tiki. Asili yake ni huko India na Burma, lakini kwetu unatoka karibu tu, shamba la serikali la Longuza, Muheza. Mninga ungefaa pia, na kwa kutulia bila kupinda una sifa kubwa, ila mninga mzuri unatoka bara huko Tabora na Katavi, na mbao iliyokauka bara wakati wa kiangazi ikifika Tanga inavuta unyevu na kupanuka. Ukiutumia, uache kwanza karakanani uzoee hewa ya pwani. Msaji wa shamba una lake la kuangalia: miti ikivunwa michanga, sehemu nyeupe ya pembeni inakuwa pana, na sehemu hiyo haina uimara wowote. Nilichagua ubao mmoja mmoja nikabakiza kiini cha kahawia peke yake, ingawa mabaki yalikuwa mengi na mwenye duka alininunia. Nilizipanga kivulini, kila ubao na mwenzake vikitenganishwa na vijiti, zikapata hewa pande zote.

Msaji pia unamaliza makali. Ndani yake mna chembe kama za mchanga, na randa iliyonolewa asubuhi mchana inararua. Jiwe la kunolea liwe karibu na meza muda wote.

Viungo ni ulimi na tundu, ulimi ukiwa theluthi ya unene, yaani kati ya milimita saba na nane. Paneli zinakaa kwenye mfereji wa kina cha milimita kumi, na kila upande niliziachia nafasi ya milimita tatu za kupumulia. Paneli haitiwi gundi. Ukiigundisha pande zote, unyevu ukija inasukuma fremu mpaka kiungo kifunguke, na kiangazi kikija inapasuka katikati. Jambo moja ambalo nalisisitiza hata kwa vijana wangu: paneli ipigwe vanishi kabla ya kuingizwa kwenye mfereji. Ikisinyaa baadaye, hutaona mstari mweupe wa mbao tupu pembeni.

Gundi nyeupe niliyoizoea niliiacha rafuni, nikatumia epoksi, gundi ya sehemu mbili zinazochanganywa. Msaji una mafuta, na gundi haipendi mafuta, kwa hiyo kila ulimi na kila tundu nilipangusa kwa kitambaa chenye asetoni mpaka kitambaa kikaacha kutoka na rangi ya manjano, nikagundisha papo hapo kabla mafuta hayajapanda tena. Kwa joto la Tanga, epoksi ukiichanganya nyingi kwenye kikombe inachemka yenyewe na kuganda ukiwa bado unatafuta brashi. Changanya kidogo, imwage kwenye sahani pana. Klempu usizikaze kama unavyokaza kwa gundi nyeupe. Ukibana sana gundi yote inatoka nje na kiungo kinabaki kikavu. Epoksi ikishakauka huacha utando wa kuteleza juu yake. Uoshe kwa maji safi kabla ya msasa, la sivyo vanishi itakataa kushika hapo.

Matundu ya hewa yalikuwa juu na chini ya kila mlango. Chumba cha chombo kisichopitisha hewa kinaota ukungu kwenye magodoro. Juu nilichora ua la petali nane na kulitoboa kwa patasi nyembamba, chini nikaweka vibao vilivyolala upande. Hapo mwenye chombo alipata nakshi yake, na nakiri kwamba ua lilipendeza kuliko nilivyotarajia.

Vanishi. Kwenye samani za ndani sisi tunapiga sanding sila halafu kliya, na kitu kinang'aa jioni ileile. Majini mpangilio huo haufai. Tabaka hilo ni kavu mno, halifuati mbao inapojaa na kusinyaa, unyevu unaingia chini yake na kuligeuza jeupe. Nilinunua vanishi ya vyombo, inayostahimili jua na chumvi. Msasa ulianza namba 120, ukaja 180, ukaishia 240, ukifuata nyuzi za mbao. Mkono wa kwanza nusu vanishi nusu tina, ili uzame. Wa pili robo tina. Baada ya hapo vanishi yenyewe, mikono sita kwa jumla, na kati ya mkono na mkono msasa wa 320 na kitambaa chenye tina kidogo cha kuondoa vumbi. Nilikuwa napaka asubuhi, kwa sababu mchana kusi inavuma na kuleta vumbi la barabara yote ndani ya karakana. Sakafu nilikuwa nainyunyizia maji kwanza.

Ubavu wa chini wa mlango ndio watu wanaousahau, kwa kuwa hauonekani. Huko ndiko mbao inakonywea maji, kupitia ncha za nyuzi. Huo niliupa epoksi nyepesi kwanza, na vanishi baadaye, baada ya kuranda kwa mwisho. Hata tundu la kitasa kwa ndani lilipata brashi.

Shaba ilinipeleka madukani mara nyingi kuliko mbao. Bawaba nyingi zinazouzwa kama za shaba ni chuma kilichopakwa rangi ya shaba, na chuma kwenye hewa ya bahari kinatoa kutu na kuuchafua msaji madoa meusi. Nilitembea na sumaku mfukoni. Ikishika, narudisha bawaba kaunta bila maneno mengi. Skrubu nazo ziwe za shaba, lakini ni laini, zinakatika shingo ndani ya mbao ngumu. Toboa kwanza kwa keekee ndogo, pitisha skrubu ya chuma ya ukubwa uleule ikate njia, itoe, halafu ingiza ya shaba ikiwa imepakwa nta ya mshumaa. Sikutumia sabuni kama tunavyofanya nyumbani, kwa kuwa inavuta unyevu.

Chombo kiliposhuliwa wakati wa bamvua, maji yanapojaa sana, nilisubiri kwanza mbao zake zinywe maji ya kutosha, ndipo nikaenda na randa na kigezo changu. Mzee alikuwa sahihi. Kigezo cha chumba cha mbele, kilichokuwa kinaingia vizuri chombo kikiwa juu ya magadi, sasa kilikwama kona ya juu ya kulia, na upande wa pili kikaacha mwanya. Niliranda huko huko ndani, mlango umeegemezwa kitandani, nikabakiza nafasi ya milimita nne kuzunguka. Kwa nyumba ningeona aibu kuacha mwanya wa hivyo. Chombo kinajinyonga kwenye mawimbi, na mlango uliokaza unaweza kumfungia mtu ndani.

Kwa sababu hiyohiyo mlango wa choo tuliufanya ufunguke kwa nje. Mtu akiteleza humo na kuanguka nyuma ya mlango unaofunguka kwa ndani, wa kumtoa atakuwa na kazi. Mwenye chombo alilalamika kwamba unazuia njia, nahodha wake akasimama upande wangu, yakaishia hapo. Vitasa ni vya kunyanyua kwa kidole, visivyofunguka kwa mtikisiko, na kila mlango una kulabu ya kuushika ukiwa wazi.

Sasa hivi milango yote mitatu inafunga. Wa chumba cha nyuma ulianza kusugua kizingiti mvua za vuli zilipoingia, nikapunguza kidogo na kurudishia vanishi pale nilipokata. Tumekubaliana kila mwaka kabla ya masika nipitishe msasa wa 320 na mkono mmoja mpya. Mwenye chombo anataka pia kabati la jikoni, na ameniuliza kama bawaba zake zinaweza kuwa za bei nafuu. Nimemwambia aje na sumaku tukazinunue pamoja.