Mstari Mfupi Kwenye Kaunta Buku

Jana usiku kitinda mimba wangu alikuwa anachora nyumba sakafuni kwa chaki nyeupe, ile ya ubaoni. Nilipoinama kuiokota, vumbi lake likanibaki vidoleni, nami nikalinusa bila kufikiri. Akanitazama. "Mama, unanusa nini?" Nikamwambia nanusa kisima. Akakaa kimya akisubiri niendelee, lakini ilikuwa saa nne usiku na asubuhi ana shule. Nikamfunika shuka. Akalala, na mimi usingizi ukagoma.

Kisima chenyewe kiko Makutupora, kaskazini mwa mji wa Dodoma. Mwaka ni 1998. Nilikuwa mwanafunzi wa mafunzo kwa vitendo, na Mzee niliyefanya naye kazi alikuwa anapima visima tangu kabla sijazaliwa.

Kazi yetu ilikuwa visima vya uchunguzi. Kisima cha uchunguzi hakina pampu wala foleni ya ndoo. Ni bomba la chuma limesimama kichakani, lina kifuniko, na kazi yake ni moja tu: kukuambia maji ya chini yamefika wapi. Siku hizi kuna dipa, unashusha waya na ikigusa maji inalia. Sisi tulikuwa na tepu ya chuma yenye timazi mwishoni, na boksi la chaki. Unaipaka tepu chaki mita chache za mwisho, unaishusha hadi uwe na hakika imezama, unasoma namba iliyo mdomoni mwa bomba, kisha unaivuta taratibu. Palipoingia majini chaki imegeuka kijivu kizito, na mpaka wake unaonekana kama umechorwa kwa rula. Ukiwa umeshikilia mita 30 na mita 2 zimelowa, maji yako mita 28 chini. Mzee alikuwa akipima mara mbili kila kisima, na vipimo visipokubaliana, anapima mara ya tatu. Kisha mimi naandika kwenye kaunta buku: tarehe, saa, kisima, kina.

Msimu wa 1996/97 mvua ilikuwa imetutupa. Wastani wa Dodoma wenyewe hauzidi milimita 600 kwa mwaka, karibu zote ndani ya miezi ya Desemba hadi Aprili, na jua na upepo vina uwezo wa kunywa zaidi ya mara tatu ya hizo. Nilipofunua kurasa za nyuma za kaunta buku niliona maji yanashuka mwezi hadi mwezi, na mji mzima wa Dodoma unakunywa kutoka bonde hilohilo. Niliogopa kuliko nilivyoonyesha. Mzee alikuwa anasema tu, "Yanaenda, mwanangu. Andika."

Halafu ikaja El Niño. Ile mvua wengi mnaikumbuka kwa reli na barabara zilizokatika. Sisi tuliikumbuka kwa kitu kingine: ilinyesha Desemba, ikanyesha Januari, watu wanatembea peku kwa sababu matope yanavua viatu, mtama unaoza shambani, na kisima chetu bado kinashuka. Sikuelewa. Nilisimama pale maji yamenifika kwenye vifundo vya miguu na tepu mkononi inaniambia chini kunakauka.

Mwezi wa pili hatukufika kisimani kabisa. Kisima kiko ng'ambo ya Kinyasungwe Ndogo, mto unaoshuka kutoka vilima vya Chenene na kwenda kumwaga maji yake kwenye bwawa la Hombolo. Miezi mingi ya mwaka si mto, ni njia ya mchanga. Akina mama huchimba kwa mikono wakakuta maji, wakateka kwa kata kidogo kidogo. Siku ile ulikuwa mwekundu, mpana, na unabeba miti mizima na mizizi yake. Tulisimama ukingoni hadi saa sita. Kesho yake tukarudi, vilevile. Wiki nzima vilevile.

Msimamizi wangu alitaka fomu isiyo na nafasi tupu. Nikapiga hesabu. Kama Desemba ilishuka hivi na Januari ikashuka hivi, basi Februari itakuwa hapa, tofauti ya upana wa vidole viwili tu, nani atajua? Nilikuwa nimekwisha kuandika tarakimu ya kwanza kwa penseli Mzee alipoweka kidole juu ya ukurasa.

"Ulikwenda?"

"Hatukwenda, Mzee. Wewe mwenyewe tulikuwa wote."

"Basi andika hatukwenda."

Nikamweleza kuhusu fomu na msimamizi. Alinisikiliza hadi mwisho, maana alikuwa mtu wa kusikiliza. Kisha akasema, "Namba hii wewe utaisahau. Lakini atakuja mtu ataiamini." Nikafuta. Nikapiga mstari mfupi mahali pa kina, na pembeni nikaandika: mto umejaa. Niliona haya, kana kwamba nimeandika uvivu wangu.

Tulivuka katikati ya Machi, maji yakiwa mapajani, Mzee ameiweka kaunta buku ndani ya kofia na kofia kichwani. Kisima tulikikuta kimezungukwa na majani makavu yaliyosombwa na kunasa chini ya zege, lakini mstari wa tope uliishia kiganja kimoja chini ya mdomo wa bomba. Nikapaka tepu chaki mita tatu, kama siku zote. Mzee akashusha. Nilikuwa nategea ule mlio mdogo wa timazi kugusa maji, na ukaja mapema. Mapema mno. Nikadhani timazi imenasa. Mzee hakusema kitu, akaendelea kushusha hadi alama tuliyokuwa tunaitumia mwaka mzima, akasoma, akaanza kuvuta.

Chaki haikuwepo. Mita zote tatu zilikuwa zimelowa, na juu ya chaki, kwenye chuma kitupu, matone yalikuwa yanaendelea kupanda kadiri alivyovuta. Yalikuwa yanateremka kwenye vidole vyake, yakaingia mikononi mwa shati. Hakuna mpaka wa kusoma. Maji yalikuwa yamepita pote tulipotarajia yawe.

Nikasema mafuriko yameingia ndani ya bomba. Ilikuwa ndiyo maelezo pekee niliyokuwa nayo. Mzee akanionyesha mstari wa tope, chini ya mdomo. Kisha akachukua timazi, akaiangalia dhidi ya jua, akaipangusa kwa kidole gumba na kunionyesha kidole. Safi. Maji ya mto yangekuwa mekundu kama udongo wa Chenene, haya yalikuwa meupe kama ya kuchujwa. "Haya yamepita kwenye mchanga," alisema.

Tukakausha tepu kwa kanga yangu. Nikapaka chaki upya, mikono inatetemeka hadi chaki ikakatika mara mbili. Tukashusha fupi zaidi. Mara hii mpaka ukaonekana, umenyooka, kijivu chini na cheupe juu. Tukapima ya pili, ikakubali. Tukapima ya tatu ingawa hatukuwa na haja. Tofauti na Januari ilikuwa kimo cha mtu mzima na zaidi, mtu aliyenyoosha mkono juu. Mzee akakaa juu ya zege, akavua kofia. Nikamwona anahesabu kitu kwa midomo. Nilipomuuliza akasema anahesabu ni miaka mingapi tangu aione mara ya mwisho.

Mengine yalikwenda haraka. Nilimaliza mafunzo, nikaajiriwa kwingine, nikaolewa, nikahama Dodoma na nikarudi. Mzee alitutoka. Mwaka 2013 ulitoka uchambuzi wa rekodi ya miaka 55 ya vipimo vya Makutupora, nami niliusoma usiku mmoja bila kulala. Ulisema kile alichokuwa anakihesabu kwa midomo pale juu ya zege: bonde lile halijazwi kidogo kidogo kila mwaka. Linashuka miaka mfululizo, kisha unakuja msimu mmoja wa mvua kubwa kupita kiasi, aghalabu ule unaosukumwa na El Niño na joto la Bahari ya Hindi, na ndio unaorudisha akiba. Miaka iliyofuata, waliofunga vyombo vinavyojipimia vyenyewe kila saa wakaonyesha na njia: maji hupenya zaidi kwenye mchanga wa makorongo pale mito ya msimu inapojaa, kuliko kwenye mashamba yanayolowa juu kwa juu. Udongo mkavu na mizizi hunywa kwanza. Ndiyo maana Januari ile nilikuwa nimesimama kwenye tope juu ya kisima kinachoshuka.

Tangu serikali ihamie huku, Dodoma imejaa, na kila ghorofa jipya ninaloliona najiuliza msimu mkubwa ujao uko miaka mingapi mbele. Sijui. Sidhani kuna anayejua.

Ila kuna swali dogo zaidi linalonisumbua. Tangu mto ufurike hadi maji yafike kisimani pale zilipita siku ngapi? Kumi? Thelathini? Kwenye kisima chetu jibu lingekuwa kwenye kipimo cha Februari. Kuna siku nafikiri tungelala ng'ambo wiki nzima, tungeomba mtu mtumbwi, tungefanya kitu. Kuna siku nakumbuka ile miti na mizizi yake, nanyamaza. Na ile tarakimu yangu ya penseli, ningeiacha, ingesema maji yalishuka mwezi uleule yalipokuwa yanapanda.

Asubuhi hii kabla ya basi la shule binti yangu aliuliza tena, maana hasahau. Nikamtolea ukurasa niliounakili kwa mkono siku naondoka Makutupora, umekuwa wa njano kwenye mikunjo. Alipitisha kidole safu ya kina, namba hadi namba, akafika Februari akasimama.

"Hapa mlisahau?"

"Hapana. Mto ulijaa."

Akapita, akaendelea kusoma za Machi.