Mkono wa Bibi Hesabu

Jumamosi, 20 Januari 2024

Najua wengi mnasubiri habari za posa ya Rehema. Barua imejibiwa, mahari bado wanavutana, wazee wamekula pilau wakaondoka salama. Hayo tutayazungumza siku nyingine. Mimi tangu Jumatatu kuna jambo limenikaa rohoni, halipandi halishuki.

Bibi Hesabu mnamjua, yule mama yangu wa ofisini anayekaribia kustaafu, aliyenipokea nilipopangiwa huku Mbagala sijui hata kushika zamu. Jumatatu asubuhi tumekutana mlangoni mwa ofisi ya walimu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Za huko?"

Na mkono tayari umeshanifikia. Mimi wangu nikauweka kifuani. "Nzuri mama. Leo mkono tusameheane, ugonjwa huu wa macho mekundu."

Akautazama mkono wake. Akaugeuza, akatazama na kiganja, kama anayetafuta alipochafuka. "Haya," akasema, akaingia kusaini.

Kitabu cha mahudhurio mnajua kilivyo kwetu, kalamu yake imefungwa kamba isiibiwe. Akasaini yeye. Nyuma yake nikasogea mimi, nikaishika kalamu ile ile, bado ina joto la vidole vyake. Nilipoinua uso, ananitazama. Hakusema kitu. Angesema lolote ningelala usingizi wiki hii.

Nimeirudia hiyo "haya" nikikuna nazi, nikisahihisha madaftari. Jumatano usiku Taifa Stars wanapigwa tatu na Morocco, sebule nzima inaomboleza, mimi niko mlangoni na mkono kifuani. Mara nadhani ilikuwa ya hasira, mara ya kawaida tu, ya mtu mwenye haraka ya kuwahi kipindi. Baba Nasri kasema namfikiria huyo mama kuliko ninavyomfikiria yeye. Sikumjibu.

Sikuwa na kiburi, jamani. Shule zimefunguliwa tarehe 8, na macho mekundu yakaingia nasi darasani. Wizara ya Afya imeshatoa tahadhari kwa mji mzima. Nesi wa zahanati ya jirani, nilipompeleka Nasri, alinieleza vizuri: ni virusi, vile vya adeno, na vinakaa juu ya kitasa, meza na taulo siku nyingi vikimngoja mtu. Antibayotiki haiviui. Sanitaiza tunayojipaka kwa mbwembwe haivimalizi kama sabuni na maji yanayotiririka, na mezani inatakiwa jiki. Kikubwa kilichonitisha, mgonjwa anaweza kuambukiza hata wiki mbili. Sasa piga hesabu na ED tunazopewa, zile ruhusa za daktari za kupumzika, za siku tatu. Mwalimu anarudi kazini macho bado yanatoa tongotongo, kwa sababu ED imekwisha na darasa lake lina watoto mia na kitu wasio na mtu.

Halafu iangalieni ofisi yetu. Chai ya saa nne, vikombe havitutoshi, anayemaliza anasuuza anampa mwenzake. Taulo moja juu ya ndoo ya koki, na ndoo yenyewe ni ya wakati wa korona. Nasikia kuna mwenzetu anatiwa maziwa ya mama machoni na shemeji yake, na ni mwalimu wa sayansi huyo!

Wakati ule wa korona mbona hatukukosana? Tulifunga Machi 2020, tuliporudi mwisho wa Juni tukasalimiana kwa miguu, tunacheka, Bibi Hesabu ndiye aliyekuwa na mateke kuliko wote. Nadhani ni kwa sababu lilikuwa agizo, limetoka juu, kila mtu kanyimwa mkono sawa na mwenzake. Safari hii hakuna aliyeagiza. Nilimfuata mwalimu mkuu Jumanne nikamwomba atangaze yeye, hata dakika mbili kwenye kikao: tusipeane mikono, kila mtu na kikombe chake, taulo litolewe. Kasema "tutaliangalia." Na yeye simlaumu sana. Akitangaza, wanaoumwa watakaa nyumbani, na wakikaa nyumbani nani ataingia darasani?

Basi Alhamisi kaja mwalimu wa la tatu amevaa miwani myeusi, mvua inanyesha. Kila mtu kajua, kila mtu kainamia andalio lake la somo. Mwalimu mkuu kapita kama hakuona. Aliyesimama ni Bibi Hesabu.

"Baba, vua nikuone."

Akavua. Mekundu, yamevimba.

"Rudi zahanati wakuongezee siku. Watoto wako nawachukua mimi, nitawachanganya na wangu."

"Mama, utawaweza wote hao?"

"Nimeshawahi kufundisha chini ya mwembe, sembuse hapa. Nenda. Na kitabu usikiguse, nitakuandikia mimi kwamba ulifika."

Ofisi ikacheka, na yeye mwenye miwani akacheka. Kisha bibi yenu akalichomoa taulo kwa ncha ya rula, akalitia kwenye mfuko wa rambo, akafungua mkoba wake. Kanunua kalamu, boksi zima. Akapita meza hadi meza anagawa kama karatasi za mtihani. Alipofika kwangu akaiweka, hakunipa mkononi.

"Hii yako. Ya kamba muiache."

Sasa niambieni nyie. Ni dongo au tumeshapatana? Usoni hana kitu, yule mama hata akitania hacheki. Lakini jana saa nne kaniwekea kiti karibu yake, na kipande cha muhogo kikubwa kuliko vya wengine, juu ya karatasi yake safi. Nimekila chote na pilipili, machozi yananitoka, akaniambia nisiyafute kwa mkono.

Mvua ya leo mmeiona wenyewe. Mwembe wa jirani umezidi kulalia upande wa choo chetu, na mizizi ya nyuma imeanza kuonekana. Nimemwambia Baba Nasri akaongee na mwenyewe ukatwe. Kasema kesho. Kesho ya Baba Nasri mnaijua.