Nilivyojifunza kutofautisha mbonyeo na kona kwenye data ya pigi

Pigi ya kalipa, chombo kinachosukumwa ndani ya bomba kupima kipenyo chake, ikitoka bombani huwa imekuja na mistari tu. Mikono yake midogo imezunguka mwili mzima, kila mmoja unasukumwa na springi ugusane na ukuta wa ndani, na sensa inaandika pembe yake. Kwenye skrini mistari inalala sambamba kwa kilomita nyingi, kisha michache inaruka. Kazi niliyopewa na mkandarasi ilikuwa kueleza kwa nini imeruka.

Kiungo cha kulehemu hakisumbui: mikono yote inadunda pamoja, na baada ya mita kama 12 inadunda tena. Kona ndiyo inayochosha. Pigi ikiingia konani haikai katikati, kwa hiyo mikono ya upande mmoja inabanwa na ya upande wa pili inatanuka. Ukitazama upande uliobanwa peke yake utaapa bomba limebonyea.

Nikaacha kusoma mkono mmoja mmoja, nikawa nasoma miwili inayotazamana. Mmoja ukibanwa kwa kiasi kile kile mwenzake alichotanuka, kipenyo hakijabadilika. Iliyosogea ni pigi. Kipenyo kikipungua kweli, tena kwenye mikono michache iliyo jirani, huo ni mbonyeo. Kikipungua upande huu na kuongezeka upande unaoukata, bomba limekuwa na umbo la yai.

Kona zenyewe nilizipata kwenye jairoskopu tatu na sensa tatu za mchapuko zilizokuwa ndani ya pigi. Hizo hutoa mwelekeo wa bomba hatua kwa hatua. Kona ya kiwandani ina mpindo wa namna moja tangu mwanzo hadi mwisho, na imo kwenye michoro. Mpindo ambao michoro haiutambui maana yake huenda ardhi imesogea. Hapo nagawanya nusu ya kipenyo cha bomba kwa nusu kipenyo ya mpindo: bomba la inchi 24 likipinda kwa nusu kipenyo ya mita 300, chuma kimevutika takriban asilimia 0.1.

Vijana wanaoelekea bomba la mafuta ghafi la Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga, ambalo nalo ni la inchi 24, huniuliza mbonyeo wa kuogopa ni upi. Kanuni za Kimarekani za mabomba ya gesi, ASME B31.8, zinataja asilimia 6 ya kipenyo kwa mbonyeo laini, yaani milimita 37 hivi kwa bomba la ukubwa ule, na asilimia 2 ukigusa kiungo cha kulehemu. Mimi naogopa zaidi mbonyeo mfupi ulio juu ya bomba wenye mkwaruzo wa ekskaveta. Na mkwaruzo kalipa haiuoni vizuri, mpaka ipite pigi ya sumaku.

Mmoja wetu alidhani alama iliyokuwa karibu na kona ni pigi kuyumba. Mikono inayotazamana ilikataa: kipenyo kilikuwa kimepungua, kwenye namba 6 ya ripoti, inayohesabu mzunguko wa bomba kama uso wa saa: 12 juu, 6 chini. Mafundi wa kufukua niliwaambia "tumboni mwa bomba", asije mtu akasikia saa sita akatafuta juu. Gurudumu la pigi la kupimia umbali huteleza, kwa hiyo tulipima kuanzia alama ya GPS iliyo karibu, na presha ikashushwa hadi asilimia 80 ya ile iliyokuwepo kabla jembe halijagusa udongo.

Chini kulikuwa na jiwe. Lilipotolewa, ukuta ulijirudi kidogo, na kina tulichopima shimoni kikawa pungufu ya kile cha pigi. Ripoti yangu ilibeba vyote viwili.