Picha ya moyo usiotulia

Kwa miaka miwili nilimeza dawa za vidonda vya tumbo. Kifua kilikuwa kikinibana kila nikikanyaga baiskeli kutoka Mikanjuni hadi soko la Mgandini, na kituo kimoja cha afya kikaniambia ni asidi. Nikaamini. Jioni moja nilianguka katikati ya mechi pale Tangamano, giza likanijia, watu nikawasikia kwa mbali wakiniita. Mama akasema, "Mwanangu, hili si tumbo."

Hospitali ya Bombo, hapa Tanga, nilipimwa umeme wa moyo, kisha eko, yaani ultrasound ya moyo. Misuli ilisukuma damu vizuri na valvu, yaani milango ya moyo, zilikuwa nzima. Lakini kijana wa miaka 27 haanguki bure akiwa anakimbia, alisema daktari, akaniandikia rufaa ya Dar es Salaam nikapigwe CT-scan ya mishipa ya moyo.

Hapa sikilizeni vizuri, maana mimi sikuwa nimeuliza mapema. Moyo ukienda mbio picha inatoka na ukungu, na mshipa mwembamba ndio wa kwanza kupotea. Wanataka mapigo yashuke hadi kama 60 kwa dakika. Mimi nilishuka basi alfajiri, nikanywa vikombe viwili vya kahawa chungu kama nilivyozoea barazani, nikafika na mapigo 94. Nikapewa kidonge cha kuyapunguza, nikakaa benchini zaidi ya saa nzima, vidole viwili juu ya kifundo cha mkono, navuta pumzi puani na kuiachia taratibu. 80. 71. 62. "Haya twende, mdogo wangu," akasema nesi.

Figo walishazipima, maana ndizo zinazoitoa dawa ya rangi mwilini. Wakanipulizia dawa ya kutanua mishipa chini ya ulimi, wakanichoma dawa ya rangi yenye iodini. Joto likanishuka kutoka kooni hadi kinenani, msishtuke, linapita. Vuta pumzi, bana. Sekunde chache, basi.

Daktari alinionyesha kwenye skrini. Moyo hujilisha kwa mishipa miwili, wa kulia na wa kushoto. Wangu wa kulia ni kama uzi, haufiki milimita 1.5, na unaishia njiani. Hakuna mafuta yaliyouziba, nimezaliwa nao hivyo. Akaufuata na wa kushoto hadi mwisho, kwa sababu wapo watu wenye afya kamili ambao mshipa wao wa kulia ni mdogo: wa kushoto unazunguka na kulisha upande wa nyuma. Wangu hauzunguki, kwa hiyo upande huo haupati damu ya kutosha. Na stenti, kile kibomba cha kutanua mshipa, haifai, mshipa ni mwembamba mno.

Sasa natumia dawa za kupunguza mapigo. Mpira nimeacha, na hilo limeniuma kuliko sindano zote. Jina la ugonjwa, dawa zangu na tarehe ya kipimo nimeviandika kwenye karatasi iliyo nyuma ya kava la simu. Nakala anayo mama, ameifunga kwenye pindo la khanga pamoja na nauli yake.