Kupanda Polepole: Maandalizi ya Ironman Wales

Mashindano ya Ironman Wales yalianza mwaka 2011 katika mji wa Tenby, kwenye pwani ya Pembrokeshire, na kwa kawaida hufanyika mwezi Septemba. Mshiriki huogelea kilomita 3.8 baharini, huendesha baiskeli kilomita 180, kisha hukimbia kilomita 42.2, na yote hayo huyakamilisha kwa siku moja. Umbali huo ni ule ule wa mashindano mengine ya jina hilo, lakini njia ya Tenby ina vilima vingi kiasi kwamba muda ambao mtu aliupata kwenye njia tambarare haumsaidii sana kukadiria muda atakaoupata huku. Nimekuwa nikijiandaa tangu majira ya baridi katika barabara za kusini mwa Wales, ambako ninaishi, na naandika haya kwa sababu Waswahili wenzangu walioko Uingereza wameniuliza waanzie wapi. Jibu langu ni kwamba waanze kwa kujifunza kupanda polepole, na kwamba jambo hilo huhitaji miezi mingi ya mazoezi na baiskeli iliyoandaliwa ipasavyo.

Sehemu ya baiskeli ndiyo inayoamua siku nzima. Njia hutoka Tenby kuelekea magharibi, hupitia Lamphey na Pembroke hadi upande wa Angle, kisha hurudi kwa Freshwater West na Castlemartin, ambako upepo wa Atlantiki hauna kizuizi chochote na mchanga wa ufukweni hupeperushwa hadi barabarani. Baada ya hapo huingia bara kwa Carew, Templeton na Narberth, hushuka tena pwani Wiseman's Bridge na Saundersfoot, na mzunguko huo wa bara hurudiwa. Jumla ya kupanda ni karibu mita 2,400, lakini katika hizo zote hakuna mlima mrefu hata mmoja. Kuna vilima vya dakika mbili, tatu au tano, kimoja kikifuatwa na kingine, na vile vikali zaidi, cha Wiseman's Bridge na cha kutokea Saundersfoot, viko mwishoni mwa mzunguko, hivyo mtu huvipanda kwa mara ya pili akiwa amekwisha kumaliza sehemu kubwa sana ya safari yake.

Mimi nilikulia Korogwe, na kupanda kwa baiskeli nilikujua kwanza kwenye barabara ya kutoka Mombo kwenda Lushoto, ambayo kwa urefu wa kilomita zipatazo 33 hukutoa kwenye joto la bonde na kukufikisha kwenye mji ulio zaidi ya mita 1,300 juu ya usawa wa bahari. Katika barabara kama ile mwili hutafuta mwendo wake mapema na kuushika, kwa sababu hakuna anayeweza kujidanganya kwamba atafika Soni, mji mdogo ulioko njiani, kwa pupa. Vilima vya Pembrokeshire havikupi onyo hilo. Kila kimoja ni kifupi kiasi cha kukufanya uamini kwamba unaweza kukimaliza kwa nguvu za mara moja, na kweli unaweza, ila hasara yake huonekana saa nne au tano baadaye, ukiwa umeshavaa viatu vya kukimbilia.

Hesabu yenyewe si ngumu, na nadhani kila anayejiandikisha angepaswa kuifanya kwa uzito wake mwenyewe. Tuchukue mwendeshaji wa kilo 70 ambaye baiskeli yake, chupa za maji na mavazi vinaongeza kilo 10. Kuinua kilo 80 kwa mita 2,400 kunahitaji takriban jouli milioni 1.9, na zikigawanywa kwa saa saba za kuendesha hupatikana wati 75, kabla hata ya kuhesabu upepo na msuguano wa matairi. Sehemu ya nishati hiyo hurudi kwenye miteremko, lakini kiasi kikubwa huishia kwenye upepo na kwenye breki, kwa kuwa barabara za huku ni nyembamba na zina kona zilizozibwa na ua mrefu wa miti. Hesabu hiyo hiyo inaonyesha kwamba kupunguza kilo mbili kungeokoa dakika nne hivi kwa mtu anayepanda kwa wati 180. Dakika nne ni kitu, lakini nimeona watu wakijinyima chakula katika wiki za mazoezi mazito ili wazipate, wakaugua au wakakosa nguvu za kumaliza mazoezi yao, na siamini hata kidogo kwamba biashara hiyo ina faida.

Faida kubwa zaidi iko kwenye gia, na hapa ningependa msomaji anisikilize kwa makini. Kilima chenye mwinuko wa asilimia 16, yaani kinachopanda mita 16 kwa kila mita 100 za kwenda mbele, hakimwulizi mtu anataka kutumia nguvu kiasi gani. Mwendeshaji yule wa kilo 80 akiwa na sproketi (gurudumu la meno linaloshika mnyororo) ya meno 39 mbele na ya meno 25 nyuma, akizungusha pedali mara 60 kwa dakika, atakwenda karibu kilomita 12 kwa saa na atalazimika kutoa zaidi ya wati 400. Akiwa na meno 34 mbele na 34 nyuma, kwa mizunguko ile ile 60, atakwenda kilomita saba na nusu kwa saa na atahitaji wati 265 hivi. Kwa mtu ambaye nguvu anayoweza kuihimili kwa saa nzima ni wati 240, tofauti ya hali hizo mbili ni kubwa mno: katika ya pili anavuka kiwango chake kidogo tu, kwa muda mfupi, ilhali katika ya kwanza anajichoma. Kuna wanaoona haya kufunga gia nyepesi kwenye baiskeli ya mashindano, wakidhani kwamba ni alama ya udhaifu. Fundi wangu, ambaye amehudumia baiskeli nyingi zinazokwenda Tenby, hunieleza kwamba hajawahi kusikia mteja akilalamika baada ya mashindano kwamba gia zake zilikuwa nyepesi kupita kiasi.

Baada ya gia ndipo huja nidhamu ya mwendo. Katika mashindano ya umbali huu wengi wetu huweza kuhimili wastani wa asilimia 65 hadi 75 ya ile nguvu ya saa moja. Ni halali kutumia kidogo zaidi wakati wa kupanda na kidogo chini yake wakati wa kushuka, kwa sababu ukinzani wa upepo hukua haraka sana kadiri kasi inavyoongezeka, na nguvu inayotumika kwenye mteremko huzaa sekunde chache kuliko ile inayotumika kwenye kilima. Lakini pana mpaka. Misuli inapofanya kazi juu ya kiwango chake hutegemea zaidi wanga uliohifadhiwa mwilini, na akiba hiyo haizidi sana gramu 500 hata kwa mtu aliyekula vizuri. Kila kilima kinachopandwa kwa hasira hupunguza akiba ambayo ingetumika kwenye mbio za miguu. Mimi nimejiwekea asilimia 85 kuwa kikomo changu kwenye vilima vya kawaida, na ninaruhusu kupita hapo kwenye vile viwili vikali tu, ambako njia hainipi hiari.

Kikomo hicho hakiheshimiki siku ya mashindano kama hakikufanyiwa mazoezi, maana watu watakuwa wanakupita na wengine wanakushangilia kwa majina. Ninachofanya kila Jumamosi ni kuchagua mzunguko wenye vilima vya dakika tatu hadi tano na kuupita tena na tena kwa saa kadhaa, nikihakikisha kwamba kilima cha mwisho kinapandwa kwa nguvu ile ile ya kilima cha kwanza. Nikifika kileleni siachi kukanyaga. Naendelea kwa sekunde 20 hivi hadi baiskeli ipate kasi, na hapo ndipo ninapowapata wengi walionipita kwenye mwinuko, kwa sababu wao hufika juu wakiwa hawana pumzi na huanza kupumzika mahali ambapo nguvu kidogo ingewaletea kasi kubwa. Katikati ya wiki nina zoezi jingine la kupanda nikiwa nimekaa, kwa gia nzito na mizunguko 50 hadi 55 kwa dakika, ili misuli izoee mzigo utakaokuja pale ambapo hata gia nyepesi haitoshi. Anayeanza asilifanye zoezi hili kabla magoti yake hayajazoea.

Kushuka pia ni ustadi wa kujifunza. Breki hushikwa kabla ya kona, macho yakielekezwa pale unapotaka kutokea, na mkono huachia breki baiskeli inapoingia kwenye kona. Septemba ya Wales huweza kuwa na mvua na majani yaliyoloana barabarani, kwa hiyo nimefanya mazoezi mengi siku za mvua, na nimechagua magurudumu ya kimo cha wastani ambayo hayasukumwi sana na upepo wa pembeni.

Mbio za miguu zina mizunguko minne, kila mmoja ukipanda kutoka mjini kuelekea New Hedges na kushuka tena hadi kwenye vichochoro vya Tenby, ambako mshiriki hupewa bangili ya rangi kuonyesha mizunguko aliyomaliza. Wengi huogopa kule kupanda. Mimi naogopa kushuka, kwa sababu kwenye mteremko misuli ya mbele ya paja hurefuka huku ikibeba uzito wa mwili, na hali hiyo huichana kwa kiwango kidogo kidogo hadi mtu hawezi tena kukunja magoti kwa hiari. Neema iliyopo ni kwamba mwili hujifunza haraka: baada ya kukimbia kwa kushuka hata mara chache, maumivu hupungua na kinga hiyo hudumu kwa wiki kadhaa. Nimeanza na miteremko mifupi miezi mitatu kabla ya mashindano, naiongeza taratibu, na zoezi zito la mwisho la kushuka nitalifanya wiki tatu kabla ya siku yenyewe ili misuli ipone bila kusahau.

Kuhusu chakula, utumbo hupokea takriban gramu 60 za glukosi kwa saa, na glukosi ikichanganywa na fruktosi, yaani sukari ya matunda, mtu aliyejizoesha huweza kufikia gramu 90. Jambo ambalo vilima huongeza ni swali la wakati. Mtu anayehema kwa nguvu hawezi kutafuna, na tumbo lake hupata damu kidogo, hivyo anayesubiri njaa imkumbushe atajikuta mara nyingi katikati ya mwinuko. Nimeiandika njia nzima kwenye kipande cha karatasi kilichobandikwa kwenye baiskeli, nikiweka alama pale ambapo barabara hutulia: sehemu tambarare za upande wa Castlemartin, barabara ya kuelekea Carew, na kipande kilicho baada ya Narberth. Katika saa za mwanzo ninakula tende na ndizi, vyakula ambavyo tumbo langu linavijua tangu utotoni, na baadaye nahamia kwenye vinywaji vya sukari na chumvi, kwa kuwa kutafuna hunishinda.

Kuogelea nitakutaja kwa ufupi, ingawa sikudharau. Maji ya North Beach mwezi Septemba huwa ya nyuzi 15 hadi 17 za Selsiasi, na vazi la mpira ni la lazima kwa mtu aliyezaliwa kwenye joto kama mimi. Kabla ya kuanza, maelfu ya watu waliojaa ufukweni na juu ya mwamba huimba wimbo wa taifa wa Wales, na sijawahi kuusikia hata kama mtazamaji bila kuguswa. Kilicho cha pekee ni kinachofuata: kutoka ufukweni hupandwa njia ya kupinda-pinda iliyochongwa kwenye mwamba, kisha hukimbiwa karibu kilomita moja katikati ya mji hadi zilipo baiskeli, na kwa sababu hiyo washiriki huacha jozi ya viatu vya ziada kwenye njia hiyo. Mtu aliyekuwa amelala kwenye maji baridi kwa zaidi ya saa moja akisimama ghafla na kupanda huweza kupata kizunguzungu, kwa hiyo kila ninapoogelea baharini namalizia kwa kutoka majini na kupanda ngazi nikiwa bado nimevaa vazi.

Anayeweza aende Tenby mapema, walau mara moja kabla ya Agosti. Treni hufika mjini humo, barabara zote za njia ni za umma, na mzunguko wa bara unaweza kuendeshwa mara mbili kwa siku moja bila haraka. Auendeshe kwa ile nguvu anayokusudia kuitumia siku ya mashindano, akiwa na chakula kile kile na gia zile zile. Kwenye Wiseman's Bridge abadilishe gia akiwa bado anateremka, kwa sababu kilima huanza mara tu barabara inapouacha ufuo, na mnyororo uliobanwa na uzito wa mtu anayesukuma kwa nguvu haupendi kuhama.