Nembo tuliyoitoa kwenye leso

Aliyeniletea kazi hii ni rafiki yangu mshairi. Kikundi chao ni cha wasanii kuchu, yaani wapenzi wa jinsia moja na wenzao, wa hapa Mombasa: mafundi cherehani, wapiga picha, madijei. Jina lao sitalitaja. Walitaka nembo, rangi, fulana na mabango ya maonyesho.

Karibu kila mtu alikuja na wazo la upinde wa mvua, ile bendera ya kuchu duniani kote. Bendera hiyo naiheshimu. Msanii Mmarekani Gilbert Baker alipoitoa San Francisco mwaka 1978 ilikuwa na rangi 8. Pinki iliondolewa kwa kuwa kitambaa chake kilikuwa adimu, na baadaye zikabaki 6. Dizaina yeyote aliyewahi kubanwa na duka la vitambaa atamwelewa. Lakini fundi wa kuchapa fulana kwa skrini anatoza kwa rangi, kila rangi na fremu yake, na pesa zenyewe zilikuwa za mchango.

Halafu kuna usalama. Mwaka 2019 Mahakama Kuu ilikataa kufuta vifungu 162 na 165 vya sheria ya adhabu, vinavyotumika kuharamisha mapenzi ya jinsia moja, na hicho cha 162 kina kifungo cha hadi miaka 14. Mwaka 2023 Mahakama ya Juu iliposema kwamba kulinyima shirika la watu hawa usajili ni ubaguzi, Mombasa kulikuwa na maandamano ya kuipinga hukumu. Mtu akivaa fulana yetu kwenye feri ya Likoni, ni lazima afike kwao salama. Na wanaotuambia haya ni mambo ya Wazungu, kwa nini tuwape ushahidi?

Nikaenda Biashara Street kutazama leso. Mpangilio wake unajulikana: pindo kuzunguka, mji katikati, jina, yaani msemo wake, chini. Tena huuzwa mbili mbili, zote sawa. Hapo ndipo nilipopata nembo: korosho mbili, lile umbo la leso, za aina moja, zimeelekeana, ndani ya pindo. Jina, ule msemo wa chini, likawa WA HAPA HAPA, kwa herufi kubwa nene kama za leso, nilizozichora kwa mkono kwa sababu fonti nilizokuwa nazo zilikuwa nyembamba na za kiofisi mno.

Mzee wa skrini aliinyanyua fremu kuelekea dirishani, akaangalia, akauliza, "Mwanangu, hii ni ya harusi?"

"Ni ya wasanii, mzee."

"Basi pindo linenepeshe, wino utaziba hivi vitone." Alisema kweli. Nilivipunguza vitone, na chapa ikatoka safi kwa rangi moja, nyeusi.

Ndani ya kikundi haikupita kirahisi. Dada mmoja alinikabili: "Kwa hivyo tunajificha, sivyo?" Nilimjibu kwamba leso haijawahi kujificha, husema na anayejua kusoma. Hakuridhika, na sioni kwamba ana makosa. Tukakubaliana rangi 6 ziingie kwenye pindo la toleo la simu na la maonyesho ya ndani, fulana zibaki nyeusi.

Leso yenyewe bado hatujachapisha, kiwanda kinataka oda kubwa. Niliwakabidhi mafaili na ukurasa mmoja wa maelekezo: korosho zisitenganishwe, jina lisitafsiriwe, na picha ya mwanachama isitiwe kwenye bango mpaka mwenyewe akubali kwa maandishi.